Juni, siku za mkasi: kutunza vaiburnamu ya mipira ya theluji

Wiki ya kwanza ya Juni, kaskazini mwa jimbo la New York. Mipira ya maua ya vaiburnamu, kichaka cha bustani za nchi za baridi, imekwisha kutoka kwenye kijani cha ndimu na kuwa myeupe mitupu. Ile iliyopata jua zaidi imeanza kuingia rangi ya waridi pembeni na kudondosha petali. Kwa anayekuza vaiburnamu ya zamani, hizi ndizo siku nzito kuliko zote katika mwaka, kwa sababu kazi ya mkasi inatakiwa iwe imekwisha kabla ya Juni kuisha.

Kichaka hiki huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Matumba ya Mei ijayo huanza kuundwa kiangazi hiki hiki, kwenye vitawi vinavyorefuka sasa. Anayepogoa Septemba ili bustani ipendeze, au Machi kwa sababu ndipo anapopogoa mawaridi yake, anayatupa maua pamoja na takataka. Mtu akilalamika kwamba kichaka chake kina majani tele lakini hakitoi mpira hata mmoja, kabla ya kukagua udongo au mbolea, muulize kwanza alikikata lini.

Muulize pia ni kichaka gani. Kinachozungumzwa hapa ni Viburnum opulus 'Roseum', kile ambacho bustani za Ulaya zimekuwa nacho tangu karne ya 16. Jani lake lina ncha tatu, na juu ya kikonyo, karibu na jani, kuna vinundu vidogo vyenye kishimo katikati. Vipapase kwa kidole utavihisi. Viburnum plicatum, ambayo mkusanya mimea Mskoti Robert Fortune aliitoa China mwaka 1844, haina ncha hizo. Jani lake limekunjamana kwa mistari ya mishipa, na mipira yake hukaa safu mbili juu ya tawi lililolala. Anayetaka harufu atafute Viburnum carlesii, maana 'Roseum' haina harufu ya kusifia. Na kuna haidrenjia yenye maua ya duara meupe, Hydrangea arborescens, ambayo wengi huichanganya na vaiburnamu. Hiyo huchanua baadaye, katikati ya kiangazi, juu ya matawi mapya, kwa hiyo unaweza kuifyeka karibu na ardhi mwanzoni mwa majira ya machipuko na bado ikatoa maua. Ukiifanyia vaiburnamu hivyo, mwaka huo hutaona ua.

Sasa mkasi wenyewe. Kichaka kilichokomaa hufika mita 3 hadi 4 kwenda juu na karibu hivyo hivyo kwa upana. Tafuta mashina mazee zaidi, yale manene yenye gome la kijivu lililopasuka, uyakate kwa msumeno chini kabisa, karibu na udongo. Usizidishe theluthi moja ya mashina kwa mwaka, na katika miaka mitatu kichaka kizima kitakuwa kipya bila kukosa maua hata msimu mmoja. Kukata ncha zote kwa usawa kama ua wa michongoma ni kukiharibu: chini kinabaki mifupa, juu kinafunga kichala cha vitawi, na mvua ya Mei ikijaa kwenye mipira, vitawi hivyo vyembamba huinama hadi matopeni. Mashina machache yenye nafasi kati yake huubeba uzito huo vizuri zaidi.

Kupanda hakuna mengi. Jua la saa sita au zaidi kwa siku, udongo unaoshika unyevu lakini hautuami maji, nafasi ya mita 3 kutoka ukutani au kichaka kingine. Shimo liwe pana mara mbili ya donge la mizizi na lisilipite kwa kina. Shina likifukiwa, huoza polepole na utamlaumu mdudu asiyehusika. Matandazo ya sentimita 5 hadi 8 yasiguse shina. Miaka miwili ya kwanza kipe kichaka maji ya kulowesha hasa mara moja kwa wiki mvua isiponyesha. Mbolea ya naitrojeni nyingi, ikiwemo ile inayotoka kwenye nyasi za jirani, huleta majani laini ambayo vidukari huyapenda sana.

Vidukari ndio sababu ya majani kujikunja kama ngumi kila Mei. Mayai yao meusi hulala kwenye vitawi, karibu na matumba, wakati wote wa baridi, na huanguliwa jani linapofunguka. Ukishaona jani limekunjwa, dawa ya kupuliza haiwafikii tena, wamejificha ndani. Wakati wa kuwapata ni mwisho wa baridi, kwa mafuta ya bustani, yaani mafuta mepesi ya kuua wadudu na mayai yao, yanayopuliziwa matawi matupu siku isiyo na barafu. Mwaka ukipita bila kufanya hivyo, usihangaike: sura ya kichaka inaharibika lakini kichaka hakifi, na mwanzoni mwa kiangazi vidukari wengi huhamia mimea mingine.

Mbawakawa wa vaiburnamu ni habari nyingine kabisa, na huyu anaua. Ni Pyrrhalta viburni, mzaliwa wa Ulaya na Asia, aliyeonekana jimbo la Maine mwaka 1994 na New York mwaka 1996. Viburnum opulus ni miongoni mwa anazozipenda zaidi. Mabuu huanguliwa majira ya machipuko na kulitoboa jani hadi ibaki mishipa. Juni hii hii wanashuka kwenye shina kwenda kujifukia udongoni, na Julai wanatoka wakiwa mbawakawa kamili wa rangi ya kahawia ili kula mara ya pili. Kichaka kilichovuliwa majani yote miaka miwili au mitatu mfululizo hakiinuki tena. Kwa wanaoshuka, zungushia kitambaa kwenye mashina ukipake gundi ya kunasia wadudu. Ipake kwenye kitambaa, usiipake kwenye gome.

Lakini pigo la kweli hupigwa wakati wa baridi. Majani yakishapukutika, chukua kitawi cha mwaka huu, kigeuze, uangalie upande wa chini. Mayai yapo kwenye vishimo vilivyotafunwa kwa mstari mmoja ulionyooka, kila kishimo kikiwa na kifuniko cheusi kilichovimba kidogo, mfano wa mshono wa cherehani. Kata vitawi hivyo kati ya Oktoba na Aprili, kisha uvichome au uvitie kwenye mfuko wa takataka, usiviache chini. Hapa ndipo kanuni ya Juni inapovunjwa, maana vitawi hivyo hivyo ndivyo vyenye matumba. Mipira kadhaa itapotea. Ipotee, kichaka kibaki. Asiye na nafasi ya kukagua vitawi kila baridi namshauri bila kusita apande Viburnum plicatum, ambayo mbawakawa huyu haipendi, mradi eneo lake lisiwe la baridi kali kupita kiasi. 'Roseum' ndiyo inayostahimili baridi zaidi.

Ndugu wa Lushoto na Limuru wanaoipenda kwenye picha wajue kwamba ubaridi wa milimani hautoshi. Mmea huu umezoea kulala miezi kadhaa bila jani. Haidrenjia itawafaa zaidi.

Jambo la mwisho la msimu huu ni vipandikizi. Kila kiua kwenye mpira wa 'Roseum' ni tasa, hakizai mbegu wala tunda, tofauti na ndugu yake wa porini mwenye matunda mekundu. Kwa hiyo kila kichaka cha aina hii kilichopo duniani kimetokana na tawi ambalo mtu alilikata akaliotesha, na hilo linanifanya nisione uzito kumkatia tawi yeyote anayeomba. Mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai, kitawi kipya kikiwa kinapindika lakini kimeanza kukaza, kata sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya pingili. Ondoa majani ya chini, bakiza jozi ya juu na uyapunguze nusu. Chovya kwenye unga wa homoni ya mizizi, kisha choma kwenye mchanganyiko wa peati (mabaki ya mimea iliyooza kwenye vinamasi) na pelaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto) nusu kwa nusu, uliolowa lakini haudondoshi maji. Funika kwa mfuko mwangavu usiogusa majani, weka penye mwanga bila jua kali. Baada ya wiki nne hadi sita, vuta taratibu; kikikataa, kina mizizi.

Hapo wengi huharakisha kukihamishia chungu kikubwa Septemba, nacho hufa Januari. Mizizi iliyosumbuliwa kabla ya baridi ya kwanza haipati muda wa kujishika. Kiache kwenye chungu kile kile, mahali penye kinga ya upepo na barafu kali, udongo usikauke kabisa. Kihamishwe Aprili kikishaonyesha jani jipya, na maua yasubiriwe miaka michache.