Kiwanja cha Sixth na Lombard

Jumapili nilisali kanisa la Mother Bethel, hapa Philadelphia, Marekani, na tangu nirudi kinachonizunguka kichwani ni habari za kiwanja. Kwaya iliimba vizuri, mahubiri nayo sina neno. Ila sisi tuliokulia Dar tunajua mtu anavyoweza kujenga nyumba, kisha akatokea mwenye hati.

Zamani watu weusi wa hapa walikuwa wakisali kanisa la St. George's, kwa Wamethodisti. Siku moja wakiwa wamepiga magoti, wasimamizi Wazungu wakawafuata na kuwashika waondoke pale. Mmoja wao, Absalom Jones, akaomba angalau sala iishe. Wapi! Ilipoisha wakatoka wote. Mwenzake Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa na kujinunulia uhuru, alinunua karakana ya mhunzi, ikakokotwa na farasi hadi kwenye kiwanja chake, kona ya Sixth na Lombard. Mwaka 1794 ikafunguliwa kuwa kanisa, ndilo Mother Bethel.

Mzozo haukuisha. Viongozi Wazungu wa Methodisti walitaka mali na madaraka ya kanisa yawe mikononi mwao, na mwaka 1815 likapigwa mnada. Allen akalinunua kwa zaidi ya dola 10,000. Hebu fikiria, kununua mnadani kanisa ulilolianzisha mwenyewe! Mwaka uliofuata mahakama ikawapa haki akina Allen, na dhehebu lao la AME (African Methodist Episcopal) likazaliwa.

Jengo la sasa, la mawe, ni la nne palepale. Chini yake amelala Allen na mkewe Sarah, ambaye nampenda zaidi. Wahubiri walikuwa wakirudi safarini na makoti yaliyochanika, naye akawakusanya akina mama kuwashonea na kuwatilia viraka.

Msomi mweusi W.E.B. Du Bois alipofanya utafiti mtaani hapa mwishoni mwa karne ya 19, watu weusi walikuwa wengi, Wayahudi na Waitaliano wakiwa jirani. Baadaye jiji likaupanga upya mtaa, bei zikapaa, wapangaji wakahama. Siku hizi mtaa huu, Society Hill, ni wa wenye nazo, na waumini wengi huja kwa gari kutoka mbali. Kanisa halikuhama kwa sababu halikuwa mpangaji.

Lakini kuna kiwanja cha pili. Kanisa lilikinunua mwaka 1810, mwendo mfupi kwa miguu kuelekea kusini, kiwe makaburi, kwa kuwa sehemu nyingi zilikataa maiti za watu weusi. Wamezikwa humo zaidi ya 5,000. Mwaka 1889 kikauzwa kwa jiji, fedha zisaidie kujenga hilo jengo la mawe. Leo ni uwanja wa michezo uitwao Weccacoe, watoto wa kila rangi wanabembea.

Mume wangu anasema walifanya walichoweza. Mimi nasema jengo lingengoja. Akanijibu kwamba sijawahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi ya kanisa.