Bumu limeingia, tuacheni kidogo

Bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, likiingia, hapa chuoni Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) panakuwa mji mwingine. Jumatatu watu walikuwa wanakunywa chai kavu, Jumanne foleni ya chipsi mayai haisogei na kila mtu anataka na kuku pembeni. Madeni tumelipa (mengine, tusidanganyane).

Jumatano testi. Tupite.

Alhamisi ndiyo ilikuwa yenyewe: bethdei ya shosti wangu wa chumbani. Tukamdanganya kuna mtu kamletea mzigo nje. Kashuka na khanga na ndala zake, mswaki mdomoni, ndoo ya kwanza ikamkuta mlangoni. Ikafuata ya pili, halafu unga wa ngano. Kasimama pale mweupe kama andazi kabla halijaingia kwenye mafuta, mswaki hautoki mdomoni, anauliza, "Na mzigo uko wapi?" Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Keki yenyewe ilikuwa ndogo, tukalishana vipande vya saizi ya kidole.

Jumamosi tukajibana kwenye daladala hadi Coco Beach kula mihogo. Bila pilipili na kachumbari, mimi naona umepoteza nauli tu. Wakati wa kulipa mmoja wetu akachomoa noti ya 500, ile yenye Nkrumah Hall nyuma, ambayo siku hizi haipokelewi tena. Muuzaji akaigeuza, akacheka, akamrudishia: "Dada, hii katundike ukutani."

Leo nafua. Mwenye sabuni ya ziada agonge mlango.