Mbwa wa nyumba moja wanapoumana

Kabla hujamtafuta mkorofi, angalia wanapigania wapi. Kwenye nyumba nyingi zenye mbwa wa ulinzi, jibu ni getini au penye sufuria.

Getini ugomvi huanza hivi: bodaboda inapita, mbwa watatu wanakimbilia upenyo mmoja, wanabanana, na hasira ya kumkosa aliye nje inaishia shingoni mwa mwenzao. Hapo kumchapa mbwa hakusaidii. Ziba upenyo wa chini kwa bati au ubao wasione miguu ya wapita njia, na mgeni akibisha hodi, watangulize bandani kwanza.

Sufuria moja ya ugali na dagaa kwa mbwa watatu ni kuwaitia vita. Kila mmoja apewe bakuli lake, na waliokwisha kuumana wale nyuma ya milango tofauti. Dakika 15 zikiisha, ondoa mabakuli yote, hata yaliyo matupu. Mifupa ya bucha usiirushe uani kamwe. Aliyepewa mfupa autafune akiwa amefungiwa, na mabaki uyaokote kabla ya kufungua.

Majike wawili wakishawekeana kinyongo, ndio wagumu kuliko wote kuwapatanisha. Jike huingia kwenye joto takriban mara mbili kwa mwaka, kila mara wiki mbili mpaka tatu, na siku hizo hata madume waliokuwa wakilala pamoja huanza kutunishiana. Kuhasi hupunguza hayo, ila hakufuti uadui uliokwisha kujengeka. Mbwa mzee aliyebadilika ghafla mpeleke kwa daktari wa mifugo: sikio lenye usaha au nyonga inayouma humfanya ang'ate akiguswa tu.

Sasa wameshikana. Usiingize mkono kwenye kola. Hapo ndipo watu wengi wanapong'atwa, tena na mbwa wao wenyewe. Anza na maji ya mpira usoni, au sukumia ubao katikati yao. Ikishindikana, watu wawili, kila mmoja akamate miguu ya nyuma ya mbwa wake, juu karibu na nyonga, amwinue kama anasukuma toroli. Mmoja akiwa ameuma na hajaachia, usivute, nyama itachanika. Mshikilie tu mpaka alegeze taya. Akiachia, rudi kinyumenyume kwa mduara ili asipate nafasi ya kukugeukia, usimwachie mpaka mlango ufungwe.

Wakishatenganishwa, pekua manyoya. Tundu la jino huonekana dogo juu, kumbe chini ngozi imeachana na nyama, na baada ya siku chache linatunga usaha. Mtu akiumwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Kuwarudisha pamoja kusianzie uani. Watoe barabarani kwa mikanda, watu wawili, mbwa wakielekea upande mmoja, mita 10 kati yao. Punguza umbali kila siku kwa kadiri wanavyotulia. Anayekaza macho, kufunga mdomo na kusimama kama gogo anakaribia kumrukia mwenzake, ongeza nafasi. Kunguruma usikukemee: mbwa aliyezuiwa kuonya huuma bila kuonya.

Wasiopatana kabisa, wape zamu: mmoja alinde mpaka saa sita usiku, mwingine mpaka alfajiri, na wa pili afunguliwe wa kwanza akiwa tayari bandani.