Ncha ya mwiba kwenye kigimbi

Machi mwaka jana nilikuwa Mpunguzi, Dodoma, nikiziba ua wa shamba letu la zabibu, maana mbuzi wa jirani hawana dini. Tawi la mgunga likanichoma kwenye kigimbi. Nikauchomoa mwiba, nikaendelea na kazi.

Wiki ya tatu pakavimba. Zahanati nikapewa dawa, uvimbe ukapungua, ukarudi. Nikapewa tena. Mara ya tatu nikapigwa eksirei, nikaambiwa mfupa mzima, hakuna kitu. Hapo ndipo nilipopotezea miezi. Daktari mwingine alikuja kunieleza nikabaki mdomo wazi: eksirei huona mfupa na chuma, lakini mwiba ni mti, unaweza usionekane kabisa. Akaniandikia altrasaundi, na kwenye kile kioo cheusi tukaona kijistari cheupe kimelala kwa mshazari. Ncha ilikuwa imebaki ndani. Kwa hiyo wewe uliyechomwa na mwiba na pamekataa kupona, usiridhike na eksirei.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kusimulia. Nilipimwa presha na sukari, nikasaini fomu, nikadungwa sindano ya pepopunda, nikalala kifudifudi. Iliyouma ni ya ganzi. Inawaka kama pilipili, halafu inazima. Baada ya hapo nilisikia kuvutwavutwa tu, kama mtu anakupekua mfukoni. Dakika kama 25 hivi. Daktari akanionesha kwenye gozi: kijiti cheusi, urefu wa punje mbili za mchele. Hicho ndicho kilichoninyima usingizi miezi mitano! Nyuzi nne, nikarudishwa nyumbani Nkuhungu kwa bajaji, mguu nimeunyoosha siti nzima.

Nilionywa nisiloweshe kidonda, nikaambiwa niulaze mguu juu ya mito (nikiushusha tu, unapwita). Habari ya choo hakuna aliyeitaja. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kigimbi chenye nyuzi hakichuchumai. Usiku wa kwanza nilijaribu, nikasikia ngozi inavutika, nikainuka machozi yananitoka. Asubuhi mume wangu akachukua kiti cha plastiki, akakitoboa tundu kwa kisu cha moto, akalainisha kingo kwa msasa. Kiti kile kilinifaa kuliko vidonge vyote vya maumivu.

Mama mkwe akaja kutoka Mvumi kuniuguza. Alipika mlenda, akafagia vumbi ambalo kwa upepo wa Agosti lilikuwa linarudi kabla hajaweka ufagio chini. Siku ya tatu namwona ameshika kapsuli za rangi mbili, anataka kuzifungua amwage unga wake kwenye kidonda. Sasa mama mkwe utamkataliaje? Nikamwambia, "Mama, kesho narudi kusafishwa, naomba unisindikize, tukamuulize nesi."

Nesi alimpa shikamoo, akamvutia kiti, akafungua bandeji mbele yake. Pakavu, hakuna usaha wala wekundu. "Bibi, ule unga unaganda juu kama tope, uchafu unabaki chini yake." Mama mkwe akanyamaza. Njiani akasema yule binti kalelewa vizuri.

Mavuno niliyakosa. Shemeji alisimamia, na hesabu zake mpaka leo sijazielewa.

Nyuzi nilidhani zingetoka upesi, kwa sababu mwanangu aliposhonwa usoni zilitolewa siku ya tano. Nesi akacheka. Mguuni ngozi hupona taratibu kuliko usoni, tena inavutwa kila ukipiga hatua. Zikatolewa siku ya 12, moja moja, kama kung'atwa na siafu.

Tulipofika nyumbani mama mkwe akaanza kufunga mzigo wake. Akauliza kama choo sasa nitaweza mwenyewe. Nikasema nitaweza, mama.

"Basi kile kiti naondoka nacho," akasema. "Magoti yangu yananisumbua tangu mwaka juzi."