Gwaride la Februari 24, Tallinn

Nimeganda kwa baridi Uwanja wa Uhuru, vidole sivisikii, ila gwaride la Siku ya Uhuru wa Estonia sikutaka linipite.

Nchi ya watu kama milioni 1.3. Hawana kifaru wala ndege za kivita zao wenyewe; anga yao inalindwa kwa zamu na washirika wa NATO, waliyojiunga nayo 2004. Basi pesa yao wameimwaga kwenye mizinga. Ulipopita mzinga wa K9 wa Korea Kusini, wa kipenyo cha milimita 155, unaojiendesha wenyewe kwa minyororo, lami ilitetemeka mpaka mtoto aliyekuwa mbele yangu akaziba masikio. Mwaka 2023 walitangaza kuipa Ukraine mizinga yao yote ya kukokotwa ya milimita 155. Yote! Bahati nzuri K9 walishaanza kuziagiza tangu 2018. Mitambo 6 ya roketi za HIMARS nayo ikatua kutoka Marekani 2025.

Ila silaha tuziache kidogo. Nguvu yao hasa ni askari wa akiba: vijana wa kiume wanaitwa jeshini miezi kadhaa, kisha wanarudi uraiani wakisubiri kuitwa. Halafu kuna Kaitseliit, kikosi cha raia wa kujitolea. Humo kwenye safu nikamwona mhasibu wa ofisini kwetu, mpole ajabu, kombati imemkaa, bunduki kifuani! Huyu huyu tunayebishana naye risiti za teksi.

Jumatatu namuuliza bunduki anaiweka wapi, maana wengine wanaruhusiwa kukaa nazo nyumbani.