Jinsi nilivyohamishia stori zangu kwenye blogu yangu

Naandika stori za Mji wa Kale wa Mombasa, milango ya nakshi, mahamri na mbaazi, lakini nikiposti kwenye mitandao ya kijamii wiki ikipita zishazama, mtu akiulizia ile ya Fort Jesus naskroli mpaka kidole kinauma na yaniuma kweli manake hizi ni kumbukumbu za wazee wetu. Basi nikaingia setingi, kuna pahali pa kudaunlodi data zako zote, nikazishusha, nikafungua blogu ya WordPress, nikabandika moja moja na tarehe zake za zamani. Mitandaoni sasa naweka linki tu. Anayetaka anafuata kwa RSS, yaani app ya kusomea inamletea kila stori mpya ya blogu, hakuna algorithimu ya kumchagulia, na shangazi yangu pale Majengo anasoma bila akaunti yoyote.