Jongo langu: nyama haikuwa kesi yote

Ukisema una jongo, au gauti kama wengi tunavyoiita hapa Nairobi, watu huanza kukuhesabia nyama. Kwangu nyama ilikuwa sehemu ndogo tu ya tatizo.

Kidole gumba cha mguu wa kushoto ndicho kilichoshambuliwa, mara nyingi usiku wa manane. Kinavimba, kinawaka moto, ngozi inang'aa, hata shuka likikigusa napiga yowe. Pale mtaani Umoja walikuwa wakiniuzia diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu. Maumivu yanatulia, kisha yanarudi. Nayo si dawa ya kumeza ovyo kwa mtu wa presha, maana huipandisha na kuumiza figo.

Daktari aliyenisaidia aliniambia, "Mzee wangu, hebu niletee dawa zote unazomeza." Nikazimwaga mezani. Akaokota ile ya presha, haidroklorothiazaidi, inayokukojoza. Akanieleza kwamba asidi ya yuriki hutolewa mwilini hasa na figo, na dawa ile hufanya figo ziibakize. Ikizidi kwenye damu, huganda kuwa chembe zenye ncha kali ndani ya viungo. Akanibadilishia losatani, ambayo hushusha presha na asidi hiyo pia kidogo. Tafadhali, usijibadilishie dawa mwenyewe; presha inaua.

Kisha alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, na hapa ndipo wengi huachia njiani. Nilianza na miligramu 100 kwa siku, ikaongezwa polepole kwa kufuata vipimo, lengo likiwa asidi kwenye damu iwe chini ya mikromoli 360 kwa lita. Miezi ya mwanzo dawa hii inaweza kuamsha maumivu, kwa sababu chembe zinapoanza kuyeyuka husumbua kiungo. Ndiyo maana nilipewa na kolchisini kidogo, ya kuzuia maumivu hayo. Maumivu yaliporudi sikuiacha alopurinoli. Ila ukitokwa na vipele, acha mara moja umwone daktari siku hiyo hiyo.

Jambo jingine: ukipimwa damu wakati maumivu yamepamba moto, asidi inaweza kuonekana ya kawaida kabisa. Mimi nilirudia kipimo baada ya kutulia.

Chakula? Maini, figo na matumbo nimeacha, omena kwa nadra. Bia na soda nimeacha pia. Maharagwe na ndengu nakula bila wasiwasi, maana purini, yaani vitu kwenye chakula ambavyo mwili hugeuza kuwa asidi ya yuriki, zikiwa za mimea hazina madhara ya zile za nyama. Maziwa nayo husaidia, kwa hiyo mala haikosi nyumbani. Wenzangu wakiniita Kenyatta Market kwa nyama choma naenda: ugali, kachumbari, vipande vichache vya mbuzi. Mmoja akaniuliza, "Kwani umeokoka?" Nikamwonyesha mguu ndani ya kiatu cha kufunga kamba, kiatu ambacho zamani sikuweza hata kukijaribu.

Asidi sasa imeshuka chini ya 360. Nilidhani daktari atanipunguzia dawa. Akakataa: chembe za zamani huchukua muda mrefu kwisha, na nikiacha, asidi itapanda tena. Kwa hiyo namaliza chakula cha jioni, nameza, nakunywa maji.